Tenti ya furaha, mutumbwi wa furaha: ndugu zetu wa Marekani wanafuata nini kule, na Ziwa Albert linapata somo gani?

Kila mwaka, kuanzia mwezi wa sita mpaka mwezi wa nane, picha za namna moja zinaingia mu simu za watu wa Bunia, Mahagi, Beni na Goma. Zinatoka kwa ndugu wenye wanaishi Marekani. Baba anasimama mbele ya tenti, mama anageuza nyama ku moto, watoto wako ndani ya kamutumbwi ka plastiki na wamevaa jile, ile koti ya kuelea juu ya maji. Na huku watu wanaulizana: hawa wako na nyumba, wako na motokari, sasa wamefukuzwa tena? Juu ya nini wanalala inje?

Ulizo ile ni ya haki. Kwetu Ituri, tenti haiko kitu cha kuchezea. Mutu akisema "kambi", bongo yetu inaenda ku Kigonze hapa Bunia, ku Rho upande wa Drodro, ao ku Plaine Savo karibu na Bule, fasi usiku wa tarehe 1 kuamkia tarehe 2 mwezi wa pili 2022 watu zaidi ya 60 waliuawa mu makao ya bashi. Kwetu bashi ni alama ya shamba yenye ilibaki nyuma. Mutumbwi vilevile: ni kazi ya samaki, ni biashara ya kuvuka Uganda, na wakati wa vita ni njia ya kutoroka. Hakuna mutu wa Tchomia mwenye anaingia mu mutumbwi juu ya kupumzika tu.

Makala hii inaeleza ile safari ya ndugu zetu: inafanyika wapi, namna gani, na kwa kanuni gani. Kisha tutarudi ku Ziwa Albert, sababu mule mu picha muko kitu kimoja chenye kinatuangalia sana, na hakiko tenti. Ni ile jile ya watoto.

Walifika kule namna gani?

Wakongomani wengi wenye wanaishi katikati ya Marekani hawakuenda kutafuta utalii. Walipita mu makambi ya wakimbizi: Kyangwali, Nakivale na Kyaka II ku Uganda, Nyarugusu ku Tanzania, na makambi ya Rwanda na Burundi. Kule walikaa miaka 5, 10, wengine zaidi ya 15, mbele HCR ipeleke jina lao ku Marekani. Mu mwaka wa bajeti 2016, Marekani ilipokea wakimbizi Wakongomani zaidi ya 16,000. Mwaka ule taifa letu ndilo lilikuwa la kwanza mu hesabu ya wakimbizi wenye walipokelewa kule. Mulango ule ulifungwa mwezi wa kwanza 2025, wakati rais Donald Trump alisimamisha programu.

Serikali ya kule haiweke watu wote New York ao Washington. Wengi wanapelekwa fasi kodi ya nyumba haiko kali sana na kazi inapatikana upesi: Des Moines na Cedar Rapids mu jimbo la Iowa, Dayton na Columbus mu Ohio, Grand Rapids mu Michigan, Kansas City mu Missouri. Kazi ni ya viwanda vya nyama, ya depo za bidhaa, ya kutunza wazee. Kiswahili kinasikilika mu makanisa ya miji ile kila siku ya yenga.

Lakini tusisahau kitu kimoja. Kati ya watu wetu wa Ituri, wako wenye walianza safari yao ndani ya mutumbwi. Mwisho wa 2017 na mwanzo wa 2018, wakati Djugu ilikuwa inawaka, makumi ya maelfu ya watu walivuka Ziwa Albert kwa vyombo vya wavuvi, kutoka pwani ya Tchomia na vijiji vingine, mpaka Sebagoro upande wa Uganda. Walivuka na watoto, na mbuzi, na magodoro, bila jile. Mutu mwenye alipita mule, ukimuambia leo aingie mu maji kwa furaha, anaweza kukukatalia. Anaye kubali, kuko kitu kilibadilika mbele yake.

Midwest ni wapi?

Waamerika wanaita eneo lile Midwest. Ni majimbo 12 ya katikati na kaskazini ya nchi: Ohio, Indiana, Illinois, Michigan, Wisconsin, Minnesota, Iowa, Missouri, Kansas, Nebraska, Dakota ya Kaskazini na Dakota ya Kusini. Ukitosha miji mikubwa sawa Chicago, sehemu kubwa ni mashamba. Mu Iowa unaweza kutembea kwa gari saa mbili unaona mahindi na soya tu. Mutu wa Djugu mwenye anapenda shamba hatajiona mugeni sana, isipokuwa mashini inafanya kazi ya watu mia.

Maji nayo ni mengi. Muto Mississippi unazaliwa ku Ziwa Itasca, mu Minnesota, kakijito kenye mutoto anaweza kuvuka kwa miguu, kisha unateremuka kilomita zaidi ya 3,700 mpaka ku bahari. Kaskazini kuko maziwa makubwa. Ziwa Michigan peke yake liko na ukubwa wa kilomita za mraba karibu 58,000. Ziwa Albert letu liko na kama 5,300. Ni kusema unaweza kuweka maziwa Albert kumi ndani ya Ziwa Michigan na nafasi inabaki.

Sasa juu ya nini wote wanatoka ile miezi tu? Ni baridi. Kuanzia mwezi wa kumi na mbili mpaka wa tatu, theluji inafunika kila kitu, na mu Minnesota maziwa yanakuwa mawe. Watu wanatembea juu ya barafu na kutoboa tundu juu ya kuvua samaki. Wakati wa joto ni mufupi, masomo yamefungwa, jua linachelewa kuzama mpaka karibu saa tatu ya usiku. Basi kila familia inataka kutumia ile miezi mitatu mbele ifungwe tena mu nyumba. Sisi wenye tuko na jua mwaka mzima hatuwezi kuwa na haraka ile.

Safari inafanyika namna gani?

Familia inajaza gari: tenti, magodoro ya upepo, chombo cha barafu chenye muko nyama na vinywaji, mukaa, taa, dawa ya mbu. Mbele ya kuondoka, wameisha kukodi fasi yao kwa intaneti ao kwa simu. Kila jimbo liko na mbuga zake za serikali, na ndani ya mbuga muko viwanja vya kulala vyenye namba. Unalipa kwa usiku moja, kwa kawaida kati ya dola 15 na 40. Ukifika unakuta namba yako, meza ya mbao, chuma cha kuzunguka moto, na mara nyingi robine ya maji na choo karibu.

Njiani hakuna barieri. Kutoka Des Moines mpaka Minnesota ni saa chache za barabara, unapita mupaka wa jimbo, unaona tu kibao cha kukukaribisha. Hakuna mutu wa kukuomba kitambulisho wala franga mia tano ya "maji". Mutu mwenye anajua RN27 ya kwenda Mahagi, ao RN4 ya kupita Komanda na Mambasa, anaelewa upesi kama furaha ya safari inaanzia pale.

Lakini haiko fujo. Mbuga iko na mulinzi, na kanuni zinaandikwa ku mulango. Usiku, kwa kawaida kuanzia saa ine, kelele inakatazwa. Chakula kinafungwa ndani ya gari, sababu nyama za pori zinakuja kuiba, na upande wa kaskazini hata dubu. Moto unazimishwa na maji mpaka majivu yawe baridi. Kuko hata kanuni ya kuni: usibebe kuni kutoka mbali, uza pale pale. Sababu ni kadudu ka kijani kenye kalitoka Asia na kaligunduliwa mu Michigan mwaka 2002. Kanajificha chini ya maganda ya kuni, kanasafiri ndani ya magari ya watalii, na kameisha kuua makumi ya milioni ya miti. Sisi wenye tunasafirisha makala na mbao kila siku tunaweza kufikiri juu ya ile.

Na kuko hatari ya anga. Kule wakati wa joto unaleta tufani na pepo za kuzunguka. Serikali iko na redio ya pekee yenye inatangaza hali ya anga saa 24 juu ya 24, na miji mingi iko na king'ora. Mulinzi wa mbuga akisema mutoke mu tenti muingie mu nyumba ya mawe, hakuna kubishana.

Tarehe 10 mwezi wa nane 2020, upepo mukali ulipiga Iowa. Mu muji wa Cedar Rapids, wataalamu walikadiria kama ulifika kilomita 225 kwa saa. Paa ziliondoka, umeme ulikatika kwa siku nyingi, na familia za wakimbizi, kati yao watu kutoka Afrika, walilala tena mu tenti mbele ya nyumba zao zenye zilivunjika. Ile haikuwa safari ya furaha. Tenti zilikuwa sawa na zile za mbugani, majani ya chini yaleyale, mu jimbo lilelile. Tofauti moja tu: hawakuchagua.

Na ile ndiyo jibu ya ulizo la mwanzo. Tenti ya furaha ni ile yenye mutu anaingia kwa kupenda, anajua siku ya kutoka, na nyumba yake inamungojea.

Kayaki ni kitu gani?

Ile kamutumbwi ka plastiki inaitwa kayaki. Haikugunduliwa na wazungu. Ilitoka kwa Wainuit, wenyeji wa nchi za barafu za kaskazini, wenye waliitengeneza kwa mifupa ao mbao na kuifunika na ngozi ya nyama za bahari, juu ya kuwinda. Mutu anakaa chini kabisa, miguu imenyooka mbele, na kafi yake iko na majani pande mbili: anapiga kuume, anapiga kushoto. Kuko tena mutumbwi mwingine wa wenyeji wa eneo lile, kati yao Waojibwe. Ule ulitengenezwa na maganda ya muti, mwepesi sana, mutu moja anaweza kuubeba ku mabega kutoka ziwa moja mpaka lingine. Mitumbwi yetu ya Ziwa Albert, ya mbao na moteri, iko ya kazi nzito. Ile yao ilikuwa ya mbio.

Kwa leo, mutu hana lazima ya kununua kayaki. Kandokando ya mito ya utalii kuko watu wa biashara wenye wanakodisha. Wanakupandisha mu kabasi pamoja na vyombo, wanakupeleka juu ya muto, kisha unateremuka na maji polepole saa tatu ao ine, na kule chini unakuta gari yako. Ni hivi wanafanya ku muto Upper Iowa, karibu na Decorah, na ku muto Current, mu Missouri, wenye unalindwa na serikali kuu kwa sheria ya 1964. Maji ya Current yanatoka mu chemchemi kubwa za mawe na yako na baridi ya digrii kama 14 hata wakati wa joto. Mutu akianguka mule ghafula, pumzi inamukatika.

Mu Minnesota, ku mupaka wa Canada, kuko mbuga yenye maziwa zaidi ya 1,000, inaitwa Boundary Waters. Sehemu kubwa moteri inakatazwa. Kuingia kunaomba karatasi ya ruhusa, kila mulango uko na hesabu ya vikundi kwa siku, na kikundi kimoja hakiwezi kupita watu 9 na vyombo 4. Hata ukiwa tajiri namna gani, mutu wa kumi anabaki inje. Tushike neno lile: kuhesabu watu. Tutarudia.

Hatari zao nazo ziko

Mutu asifikiri kama kule maji hayauwi. Yanaua. Mito mingi ya Midwest iko na vizuizi vifupi vya beto vyenye vilijengwa zamani juu ya vinu na umeme. Kwa macho ni kaukuta kadogo, maji yanapita juu yake sawa mutelemuko wa nyumba moja. Lakini chini yake maji yanazunguka na kurudi nyuma, yanashika mutu ao mutumbwi na kuugeuza mara na mara bila kuuachilia. Hata muogeleaji mwenye nguvu hatoki. Waokoaji wengine walikufa pale wakijaribu kutosha mutu. Njo maana mbele ya ukuta kunawekwa vibao, na watu wanatoka mu maji, wanabeba kayaki ku mabega, wanarudi mu maji mbele zaidi.

Kisha kuko jile. Sheria ya nchi yao inaomba kila chombo, hata kayaki ya mutu moja, kibebe jile moja ya kufaa kwa kila mutu. Kwa watoto, kanuni zinazidi kuwa kali: wanapashwa kuivaa, haitoshi kuikalia. Walinzi wa maji wanapita na wanalipisha faini. Na hesabu zao zinaonyesha sababu. Mu 2022, ajali za vyombo vya furaha ziliua watu 636 Marekani nzima. Kati ya wale wenye sababu ya kifo ilijulikana, 75 juu ya 100 walizama. Na kati ya wale wenye walizama na habari ya jile yao ilijulikana, 85 juu ya 100 hawakuivaa.

Soma hesabu ile tena. Ni nchi yenye helikopta za kuokoa, yenye simu inashika mu pori, yenye hospitali iko karibu. Na bado, wenye walizama ni karibu wote wale bila jile. Sasa sisi wa Kasenyi, wa Joo, wa Gobu, wa Mahagi-Port, wenye helikopta hatuna, tutegemee nini?

Ziwa letu na hesabu yetu

Ziwa Albert liko na urefu wa kilomita kama 160 na upana wa kama 30. Kutoka Bunia mpaka Kasenyi ni kama kilomita 55, unateremuka mulima na maji yanafunguka mbele yako mpaka milima ya Uganda. Ni uzuri wenye watalii wa Midwest wangelipa pesa nyingi juu ya kuuona. Lakini mu vichwa vyetu ziwa lile liko na majina ya wafu.

Tarehe 22 mwezi wa tatu 2014, chombo kilitoka upande wa Uganda na wakimbizi Wakongomani wa Kyangwali wenye walichoka kambi na waliamua kurudia nyumbani. Kilijaa kupita kiasi na kilipinduka. Serikali ya Kongo ilitoa hesabu ya wafu 251. Wengi walikuwa wanawake na watoto. Watu walikuwa wameokoka vita, wameokoka kambi, wakafia fasi ya kilomita chache za maji.

Na haikuwa wakimbizi tu. Siku ya Noeli 2016, upande wa Uganda, kikundi cha wachezaji wa mpira na mashabiki wao waliingia mu chombo kwenda kucheza muchezo wa kirafiki ku kijiji kingine cha pwani. Ile ilikuwa safari ya furaha kabisa, sawa ile ya picha za Iowa. Walikuwa watu kama 45. Chombo kilizidiwa, kilipinduka, na karibu 30 walizama. Polisi ya kule ilisema hakukuwa upepo mukali. Maji yalikuwa ya kutulia. Kilichowaua ni uzito, na kukosa jile.

Nyuma ya kila ajali, viongozi wanakumbusha kanuni: jile kwa kila mutu, kutozidisha watu na mizigo, kutosafiri usiku. Juma mbili, tatu, kanuni inafuatwa. Kisha mwenye chombo anasema jile ni bei, musafiri anasema inasikia joto, na mambo yanarudia. Tunasema "ni mapenzi ya Mungu". Lakini wale wa kule wanamuomba Mungu uleule, na wanavaa jile.

Kwetu utalii uliwahi kuwako?

Ndiyo, na watu wengi wamesahau. Mu miaka ya 1930, Mumarekani moja, Patrick Putnam, alijenga kambi kandokando ya muto Epulu, mu pori la Ituri. Wasafiri wenye walivuka Kongo kwa gari walisimama pale, walilala, walikula, na kutembea mu pori pamoja na Wambuti. Putnam alikufa 1953, lakini jina la Epulu lilibaki. Mu 1992 serikali iliunda Hifadhi ya Okapi, kilomita za mraba zaidi ya 13,000, na mu 1996 UNESCO iliiandika kati ya mali ya dunia nzima. Mwaka moja tu nyuma, 1997, iliiweka mu liste ya zile zenye ziko hatarini.

Kisha ilikuja tarehe 24 mwezi wa sita 2012. Kikundi cha Maï-Maï Simba cha Morgan kilishambulia kituo cha Epulu, kiliua watu, na okapi 14 wenye walikuwa wanatunzwa pale walikufa. Tangu tarehe 6 mwezi wa tano 2021 jimbo letu liko chini ya hali ya dharura, na ku RN4 magari yamechomwa zaidi ya mara moja. Basi makala hii haimuambie mutu apakie tenti aende Epulu kesho. Yenye inakosa kwetu ni amani ya barabara. Vingine vyote tuko navyo.

Ukitaka kuona kayaki bila kuvuka bahari, iko karibu. Ku Jinja, Uganda, fasi Nile inatoka mu Ziwa Victoria, watalii wanalipa kuteremuka maji makali, na vijana wa pale wamekuwa waongozi. Maji yaleyale yanapita Ziwa Kyoga, yanaanguka ku Murchison, na yanaingia mu kichwa cha kaskazini cha Ziwa Albert. Ni kusema maji yenye yanalisha vijana wa Jinja yanafika mpaka kwetu.

Lakini tusiige bila kufikiri. Mwezi wa kumi na mbili 2010, Hendri Coetzee, mutu wa Afrika ya Kusini mwenye alijua kayaki kuliko wengi na aliwahi kuteremuka Nile nzima, alikuwa ku muto Lukuga, upande wa Tanganyika, pamoja na Waamerika wawili. Mamba alimutosha ndani ya kayaki yake, hakuonekana tena. Mito yetu iko na mamba, iko na kiboko, na pwani ya Ziwa Albert iko na kichocho. Plastiki ya rangi nzuri haiondoe ile.

Yenye tunaweza kufanya bila kungojea

Amani ya barabara haiko mu mikono ya musafiri. Lakini vitu vitano viko mu mikono yake.

Kwanza, jile. Jile ya kweli iko na kamba ya kufunga na inakamata mwili vizuri. Ukiinua mabega yake na inapita mpaka ku masikio, ni kubwa, itakutoka mu maji. Mutoto avae ya mutoto. Na ivaliwe mbele chombo kitoke pwani. Ukiwa mu maji, hutapata nafasi ya kuivaa.

Pili, kama jile hakuna kabisa, bidoni tupu ya lita 20, yenye imefungwa vizuri, inaweza kushikilia mutu juu ya maji. Hewa ya ndani inabeba zaidi ya jile ya kawaida. Ubaya wake ni kama inateleza mu mikono, na mutu akichoka ao akizimia inaenda zake. Basi uifunge na kamba ku mwili, chini ya kwapa. Ni ya kuokoa tu, haichukue nafasi ya jile.

Tatu, hesabu watu. Mbele ya kupanda, angalia mbavu za chombo: kama maji yako karibu na ukingo wakati bado kiko pwani, kule katikati mawimbi yataingia. Shuka. Nauli yenye ulilipa ni ndogo kuliko matanga. Na mu chombo watu wakae chini, mizigo mizito katikati, hakuna wote kusimama upande moja juu ya kuangalia kitu ao kupiga picha.

Ine, angalia anga na saa. Wavuvi wa zamani wanajua upepo wa ziwa lao kuliko simu yoyote. Wakisema leo hapana, ni hapana. Na usiku usivuke: mutu mwenye ameanguka gizani hakuna mwenye atamuona. Acha habari ku mutu wa pwani: jina la chombo, saa ya kutoka, watu wangapi. Wale wa Midwest wanaandika ile ku kitabu cha mulango wa mbuga. Sisi tunaweza kuiandika ku daftari ya chefu wa bandari.

Tano, mutu akizama, usiruke kumufuata kama hukufundishwa kuokoa. Atakushika shingo na mutazama wawili. Mutupie kamba, bidoni, kafi ndefu, ubao, chochote chenye kinaelea.

Na kwa ndugu zetu wenye wako Des Moines na Dayton: picha zinatufurahisha, muzidi kutuma. Lakini jile za watoto zenye zimekuwa ndogo kwenu, zile munaweka mu garaji ao munatupa, kuko mutoto wa Tchomia mwenye anavuka ziwa na mama yake kila juma juu ya biashara ya samaki. Inamutosha.